Manga

Kivumishi, niliandika ubaoni, ni neno linaloandama jina
kama mtoto anayeandamana na mamake sokoni:
humtumi peke yake.
Darasa la sita, Wete, saa nne na robo,
chaki imelowa mvua ya jana
na bati linavuja juu ya dawati la Shaame.

Nikataka mifano. Wakanipa ya kitabuni,
kitabu kizuri, mti mrefu.
Hapana, nikasema, nipeni ya jikoni kwenu.

Saumu, ambaye mamake huuza viungo Limbani,
akasimama: pilipili manga.
Mwengine: njiwa manga, sie tunao darini.
Mwengine: jiwe la manga, babu hunolea panga.
Kisha kungumanga, kisha komamanga,
yale yaliyoshonwa na jina hata huoni uzi.

Nikafurahi, nikawaonesha
kizuri kinavyogeuka vizuri, mrefu mirefu,
lakini manga, jaza magunia, jaza maghala,
ni manga tu. Halitaki ki-, halitaki vi-.
Neno hili, nikasema, halikubali upatanisho.

Nikasikia nilichokisema.

Shaame akanyoosha kidole, tone likamwangukia mkononi:
"Mwalimu, hiyo Manga ni kabla ya Konde au ukishapita?"

Wenzake wakacheka. Mie nilikuwa nalo jibu:
Arabuni, upande wa Maskati, ndivyo wazee walivyopaita.
Pilipili yenyewe kwao Bara Hindi,
ila nani aliuliza ilikopakiwa?
Ilishuka na Wamanga, ikaitwa yao.
Hiyo ndiyo maana.
Matumizi ni kitu chengine.

Bibi yangu, Bi Time binti Faki,
alipakana ukuta na Khelef wa duka la kona,
aliyepima sukari kwa kibaba
na kuongeza konzi moja, "hii ya watoto".
Mamake mtu wa Mtambwe. Maskati
hakupata kuiona hata kwenye kalenda.
Watu walimwita Mmanga
kama unavyomwita mtu Mrefu:
Mmanga, nikopeshe kiberiti.
Mmanga, mwanao kamuuma wangu.

Halafu mwaka ule neno likapanda bei.
Herufi zile zile.
Mtu alilitamka barabarani asubuhi,
wala hakuwa anataka kiberiti,
na kabla ya adhuhuri duka lilifungwa.
Bibi hasimulii kupita hapo. Husema tu:
"Mlango wake ulikuwa na kitasa kibovu,
mpaka uuvute mara mbili.
Siku ile aliuvuta mara moja."

Barua ilikuja baada ya miaka kumi na miwili.
Ana duka tena, dogo, karibu na msikiti.
Huku, aliandika, jina langu wamelisahau,
naitwa Mzanzibari.
Mzanzibari, nikopeshe. Mzanzibari, mwanao.
Na chini kabisa, baada ya kumsalimia hata paka:
"Bi Time, akitokea mtu wa kuja,
mpe ratili moja ya pilipili manga.
Za huku hazina kitu."

Tone jengine. Daftari la Shaame limefanya doa.
Ukishapita Konde, nikamwambia, endelea.
Andikeni: manga, kivumishi, hakibadiliki umbo.
Wakaandika, ndimi nje kwa juhudi,
na kengele ikalia kabla sijaweka nukta.

Shaame alibaki akipangusa dawati kwa mkono wa shati.
"Na wao huko, mwalimu,
pilipili hii wanaiitaje?"

Sijui, nikasema.
Nikafuta kizuri, nikafuta mirefu.
Lile jengine halikutoka;
chaki ikiwa mbichi hushika ubao.