Wateja Wasio na Miguu

Mwalimu Kerubo alitugawia kampuni za viatu
zisizo na kiwanda, zisizo na gundi wala ngozi,
zote zimo ndani ya kompyuta kumi na mbili
ghorofa ya tatu, Luthuli,
na chini yetu maduka ya spika yakipimana vifua.
"Wiki moja ni dakika ishirini," alisema.
"Bajeti ni elfu hamsini kwa wiki.
Pesa si za kweli. Aibu ndiyo ya kweli."

Wiki ya kwanza tulimwaga pesa kama maji ya kunawa:
picha huku, video kule, mtu maarufu wa kubuni
mwenye wafuasi laki tisa na meno meupe
akavivaa viatu vyetu kwa sekunde sita.
Mibofyo ikapanda. Lotukoi akapiga meza ngumi.
Mauzo: jozi kumi na moja.
Wiki ya pili: tisa.
Kundi la Mbaabu lilitutazama
kwa huruma ile ya mtu aliyekwisha kula.

Wiki ya tatu umeme ukapotea.
Spika za Luthuli zikafa zote kwa mpigo
na katika kimya kile nikamkumbuka shangazi.

Shangazi Akeyo hapigi kelele pale Toi.
Majirani zake hupiga makofi, huimba bei;
yeye hukaa kwenye debe akiangalia miguu inayopita.
Miguu, si nyuso.
Akiona kisigino kilicholika upande wa nje
husema polepole, kana kwamba anaongea na kiatu:
"Ninayo nambari thelathini na nane, ya kusimama kutwa."
Na muuguzi anayetoka zamu husimama.

Umeme uliporudi niliwaambia wenzangu, tusome.
Tusome nini? Zile safu za namba
tulizokuwa tukizipita kama mtu anayepita makaburini usiku.
Yote yalikuwemo: nani aliangalia, saa ngapi,
nani alitia kiatu kikapuni kisha akaondoka.
Wanawake, miaka thelathini hadi arobaini na mitano.
Saa nne usiku, watoto wamelala.
"Hawa wanasimama," nikasema. "Hawa wote wanasimama kutwa."

Tukamwachisha kazi maarufu wetu bila kiinua mgongo.
Tukaandika tangazo moja, maneno saba:
*Umesimama tangu asubuhi. Kiatu hiki kinajua hilo.*
Syokau alitaka kulifuta "hilo".
Tukagombana dakika nne, yaani siku moja na ushei.
Hilo likabaki.

Wiki ya tano, jozi mia moja na nne.
Wiki ya sita, mia tatu.
Wiki ya nane Mwalimu alikuja akasimama nyuma yetu,
akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.
Mwisho wa yote tulikuwa wa kwanza,
na Mbaabu akanipa mkono uliolowa jasho.

Nilifika Toi shangazi akikunja turubai.
"Tumeshinda! Tumeuza jozi elfu nne mia mbili na sita."
"Lini?"
"Leo. Kabla ya chakula cha mchana."
Akaniangalia miguu.
"Pesa ziko wapi?"
Nikamweleza.
"Na walionunua?"
"Hawapo."
"Yaani hawana hata miguu?"
"Hawana."
Alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda,
akamwita jirani, akanifanya nirudie.

Kisha akainama chini ya meza,
akatoa jozi ya buluu, nambari arobaini na sita,
iliyokaa pale tangu Pasaka ya mwaka juzi,
akanipa, akasogea kando.

Nimekalia debe lake.
Naangalia chini.