Dada wa Ziwa, Dada wa Mto

Kidato cha pili, mkondo B, saa nne, Ujiji.
Jua la Kitongoni limeshapanda bati.
Nachora wafalme wa Misri.
Kisanduku: mfalme. Kisanduku: malkia.
Kati yao mistari miwili, maana yake ndoa.
Juu yao mstari mmoja, maana yake tumbo,
na mstari huo, wanangu,
unapanda kwa mama mmoja.

Kimya. Halafu Ntibona wa dawati la nyuma,
macho mekundu kwa dagaa wa jana usiku:
"Mwalimu, sasa mtoto wao
amwite huyu mama, au shangazi?"
Darasa likacheka hadi vumbi la chaki likainuka.

Hawakutaka kiti kitoke nje, nikaeleza.
Na makuhani vivyo hivyo: baba akifa,
mwana anashika chetezo kingali na moto;
binti anaozwa hekalu la pili,
mjukuu anarudi kuolewa hekalu la kwanza,
kama kikapu cha jirani
kisichorudishwa kitupu.
Wengine waliozwa kwa mungu mwenyewe,
hawakuzaa; wakapewa binti wa mfalme mwingine,
wakamwita mwanangu
kwa hati iliyochongwa jiweni.

Wakaandika. Nami sikuwaambia ya kwetu.

Kwamba Ijumaa, baada ya swala, ami Songoro
alivua kofia, akaiweka gotini, akasema
michikichi ya marehemu babu, safu kumi na moja
toka barabarani mpaka bondeni,
haigawanywi kama mkate wa hitima.
Kwamba mwanawe Sadiki ni mtu mzima,
nami mtu mzima, na sheria imeruhusu.
"Undugu ni kufaana," akasema.
Baba akatazama jamvi.

Mama ni wa Urambo. Kwao
mtoto wa baba mdogo si binamu,
neno hilo hawana pa kuliweka.
Ni kaka. Kwisha.
Akasimama, akaenda jikoni
kupepeta mchele uliokwisha kupepetwa.

Huyo Sadiki tuliugua surua kitanda kimoja.
Aliponikwapulia mgebuka sahanini
nililia: kaka!
Nilipofaulu, nilimkimbilia na karatasi: kaka!
Miaka ishirini na sita neno hilo
nimelivaa kama kanga ya ndani,
leo nageuziwa upande wa pili
naambiwa nisome jina.

Usiku nikarudi kwenye vitabu.
Nikakuta mke wa Misri, kalamu ya tete mkononi,
anamwita mumewe kaka.
Naye mume anajibu: dada.
Si damu. Mapenzi tu; walitafuta neno la karibu,
wakakosa lililo karibu kuliko hilo.
Ndiyo maana wataalamu hadi leo wanakuna vichwa
mbele ya kila kaburi:
huyu dada, ni dada wa ziwa
au dada wa mto?
Jiwe halisemi.

Zamani wageni walifika hapa wakiapa
kwamba ziwa letu ndilo lililoizaa Nailo.
Halikuizaa. Maji yetu yanatokea Lukuga,
yanakwenda zake magharibi,
hata hayajui kama kuna Misri.
Lakini waliulizana, walipima, walichora mstari.
Watu hupenda mistari irudi mahali.

Leo jioni nimemkuta langoni mwa shule,
baiskeli, dumu la mawese nyuma, kamba ya mpira.
"Umesikia?"
"Nimesikia."
Akakwangua tope la gurudumu kwa kucha,
taratibu, kipande baada ya kipande,
kama mtu anayetafuta maandishi chini yake.
"Mimi baba namwogopa," akasema.
"Wewe je?"

Ubaoni nyuma yangu, dirisha likiwa wazi,
visanduku vya wafalme havijafutwa.

Nikamwita: kaka.
Akainua uso.
Hakujua nimelitamkia Ujiji au Misri,
na mimi, Mungu shahidi,
sikujua.