Gesi Imekwisha

Ghala, nyuma ya karakana ya viyoyozi,
tumekodi chumba cha mapipa ya rangi, riali arubaini.
Azzan ana sinthesaiza iliyong'oka vitufe viwili,
kauziwa na Mfilipino aliyekuwa akifunga mizigo.
Nasriya ana ngoma za umeme, na bomba la bati
analolipiga kwa upawa wa mama yake.
Mimi nina gitaa la besi na woga.

Jina la bendi tumelitoa kwa fundi Shaji:
kila mteja humwambia neno hilohilo
kwa Kiarabu chake cha kuungaunga,
sisi tukalitia Kiswahili cha nyumbani.

Julai. Digrii arubaini na saba.
Ukutani kompresa mbovu inanguruma
noti isiyokuwamo kwenye kinanda,
baina ya hii na ile, kama mtu
aulizwaye Kiarabu akajibu Kiswahili.
Azzan akazishusha mashine zote zikaifuata.
Nasriya akaweka pigo: du, du-ka, du,
kisha akaondoa moja, tukajikwaa,
na kujikwaa kule ndiko kukawa ngoma.
Juu yake tukatandika sauti ya bibi yangu
aliyoituma kwa simu kutoka Mabela:
*Mnakula lakini? Mnakula?*
Tukaikata, tukaigeuza kinyumenyume,
mpaka *mna, mna, kula, la, la*
ikawatikisa mabega wauza matairi wa jirani,
wawili, mlangoni, na glovu zao za grisi,
waliokuja kushitaki kelele.

Ni muziki gani huu?
Sijui. Uulize unyayo.

Ijumaa tukarudi. Kimya.
Shaji, kwa hisani yake, ameitengeneza kompresa.
Baridi tele, na wimbo mzima umepinda,
bibi anauliza kama mnakula, hakuna wa kumwitikia.

Tukamwendea: Fundi, iharibu.
Akafuta mikono. Akatutazama mmoja mmoja.
"Miaka kumi na tisa nalipwa nitengeneze.
Kuharibu kuna bei yake."

Akatoza riali tano. Akapanda ngazi na bisibisi,
akaweka sikio kwenye bati,
akalegeza parafujo robo mzunguko.
"Hapa?"
"Chini kidogo," akasema Azzan.
"Hapa?"
Jasho likaanza kunitoka mgongoni.
Nasriya alikwishaushika upawa.
"Hapo. Hapo hapo. Usiguse."