Ushuru wa Mlangoni

Tashkenti, Februari. Pampu inakohoa tangu juzi,
na ombwe halijatulia. Hamrokul amevua kofia,
amelaza sikio juu ya bomba
kama mkunga.
"Subiri," anasema. Chai ya kijani inapoa.

Saa tisa usiku sindano inashuka.
Nafungua arigoni, chembe tu ya hewa,
nabonyeza swichi: ioni zinaondoka
na volti elfu tano mgongoni
kukipiga kipande cha shaba kisichozidi ukucha.

Usidhani ni nyundo na msumari.
Ioni huzama. Huko ndani shaba humsukuma shaba,
huyu amgonge yule, vurugu za foleni ya mkate,
mpaka aliye ukingoni, asiyegombana na mtu,
ajikute nje.

Wala hatoki bure. Shaba humdai ushuru wa mlangoni,
elektronivolti tatu na nusu,
alipe ndipo aachiwe.
Tunachopima sisi ni chenji.

Sentimita sitini za giza hadi kwenye kigunduzi.
Wenye haraka ni wachache, hutangulia.
Mikrosekunde mia mbili na ushei, kundi kubwa:
kilima cha kijani kwenye kioo cha osiloskopu.
Halafu mkia mrefu, wachelewaji,
mmoja, kimya, mmoja.

"Hizo kelele za mashine," asema Hamrokul. "Kata."
Sikati.
Bibi yangu, mama Ligay, alishushwa kwenye behewa la mizigo
nje ya mji huu, vuli ya thelathini na saba,
baada ya mwezi mzima wa reli kutoka Posyet,
mbegu za mpunga zimeshonewa ndani ya pindo la koti.
Aliyemsukuma hakumjua.
Naye alikuwa amesukumwa.
Hakuna aliyeuliza amebakiwa na nini.

Hamrokul anachungulia daftari langu, pembeni
nilikoandika jina pasipo kukusudia.
"Shaba haina bibi, Rimma."
Najua. Na bibi hakuwa shaba: alikuwa na hasira,
na hasira haina kizio kwenye jedwali letu.

Kumekucha. Nazima.
Atomu ambazo hazikupita mbele ya kigunduzi,
yaani karibu zote, zimetua zilikotua.
Dirisha la chombo limeota utando mwekundu.
Nainama kuchungulia ndani
nakuta nusu ya uso wangu.