Trei ya Mayai

Alinikabidhi mayai bila kuniangalia.
"Shika," akasema, kama mtu aliyezoea kutiiwa,
nami nikashika, trei nzima, thelathini,
mbele ya kibanda cha M-Pesa, Maweni, Malindi,
Jumamosi saa saba,
mgeni yule akiwa ameshaanguka kifudifudi,
noti ya mia tano mkononi.

Akamgeuza. Akavua viatu
(kwa nini viatu, mpaka leo sijui),
akapiga magoti kwenye vumbi na maganda ya machungwa,
akaweka kiganja juu ya kiganja,
akaanza kukisukuma kile kifua kama anayefua blanketi.
Mwenga, mbiri, kwa lugha ya mamake,
hadi thelathini, kisha pumzi mbili,
kisha mwenga tena.
Nilihesabu naye kimoyomoyo, macho kwenye mayai,
maana uso wa yule mtu ulikuwa na rangi
nisiyotaka kuijua.

Mara ya saba, au ya nane,
mgeni akakohoa.
Kikohozi kibaya, cha bati kuburutwa juu ya saruji.

Ndipo midomo ikafunguka.
Kibwana kinyozi alisema ni Yasini yake,
aliyoisoma wembe ungali mkononi.
Mwenye kibanda alisema yeye aliona mapema,
jasho lile si la jua.
(Alikuwa akihesabu hela. Nilikuwepo.)
Bi Tima wa viazi karai akasema mtoto wa kike,
dera limepanda magotini, mdomo kwa mdomo
na mwanamume asiyemjua, mchana kweupe,
kisha akajifuta machozi
kwa kanga ile ile aliyojizibia mdomo.
Vijana waliotoa simu wakabaki wamezishika.
Mtu akauliza, "Analipwa na nani?"
Mwingine, "Kumbe ni yule nesi wa usiku! Yule mkali!"

Na Kache muuza mchicha, aliyekuwa kimya,
akasema kwa sauti ya kuuliza bei,
"Siku ya mamangu ulikuwa wapi?"

Hata mashine ya kusaga ilinyamaza,
au ndivyo ninavyokumbuka.
Mbeyu alikuwa akitafuta kiatu cha pili.
"Nilikuwepo," akasema. "Kitanda cha kumi na nne,
pale dirishani. Nilikuwa peke yangu.
Wao walikuwa arobaini na mmoja."

Hakusema pole. Kache hakusema kitu.
Akamsogezea kiatu kwa ncha ya mguu;
kilikuwa chini ya gunia lake.

Mgeni akapakiwa tuktuk.
Godana, wa Garsen, ndivyo kitambulisho kilivyosema.
Noti yake ilionekana,
kisha haikuonekana.

Kufikia Jumatatu alikuwa amekufa saa nzima.
Kufikia Alhamisi amefufuka
na kuwataja waliomroga, mmoja mmoja, na ukoo wao.
Na mimi, kwa wanaonisikiliza,
nilikuwa nimeshakuwa mtu aliyesaidia.

Ijumaa alfajiri akagonga mlango wangu,
katoka zamu, macho mekundu, sare imekunjamana.
"Mayai yangu."

Nilikuwa nimeyaweka chini ya kitanda
kama kuku anayetamia.
Akayahesabu kwa kidole, taratibu, hewani.
"Ishirini na nane."
Nikasema mawili yalivunjika, ule msukosuko, watu kusukumana.
Sikumwambia kwamba hakuna aliyenigusa.
Ni hii mikono, iliyokuwa haifanyi kazi yoyote,
ndiyo iliyotetemeka.

Akaniangalia, kwa mara ya kwanza.
Akatoa mawili, akayaweka kizingitini.
"Nawe ulishika," akasema,
akaenda zake kulala.

Nimeyakaanga usiku huu.
Chumvi nimezidisha.