Shaba ya Mfalme Ladomir

Watawa wa Hornava wameandika: dhalimu.
Herufi ya kwanza wameipaka dhahabu.
Mimi sikujaaliwa kalamu, nilijaaliwa tanuri,
na haya niyasemayo yamepita motoni kwanza.

Alitawazwa ana miaka tisa.
Miguu haikufika chini; wakamwekea kigoda,
na kando ya kigoda wajomba zake watatu
wakiuvuta ufalme kama mbwa na ngozi mbichi.
Alipofika ishirini wajomba walikuwa wawili,
kisha mmoja,
kisha hadithi.

Premko, nduguye wa ziwa moja,
alimtoa macho kwa kisu cha kumenyea tufaha,
akampeleka machimbo ya chumvi, akasema:
"Huko hata mwenye macho haoni."

Ukaja mwaka ngano ilipooza ingali shambani.
Tulichemsha mikanda. Tulisaga magome.
Binti yangu Ludka alilamba chokaa ukutani.
Ndipo Ladomir akatuma kamba na magogo:
kengele kumi na mbili zishushwe minarani.
Askofu akamlaani, mishumaa ikapinduliwa,
ubatizo ukazuiwa, na ndoa, na maziko;
maiti wetu wakangoja nje kwenye theluji,
wamenyooka kama kuni.

Nilizivunja mimi. Nyundo ni hii.
Shaba ya kengele haivunjiki kimya:
kila pigo iliita misa.
Tano zikawa mshahara wa mamluki
walioichoma Brezna na watu ndani.
Saba zilivuka mlima kwa mikokoteni
zikarudi shayiri.
Ludka alikula. Ana watoto wanne sasa.
Kaka yangu Havel alificha kengele ndogo,
haizidi buyu la maziwa. Hakusema ilipo.
Alinyongwa Jumanne.
Shayiri ilifika Alhamisi.

Mnaniuliza nimpime kwa mizani ipi.
Mizani yenyewe tuliiyeyusha.

Alikufa kwa jino. Jino!
Mtu aliyeponea mishale, na sumu mara mbili,
na mke aliyemwombea kifo kila Ijumaa.
Sheria ilitaka wa damu yake amtambue,
wakamleta Premko toka machimboni,
chumvi ingali kwenye kope.
Alipapasa paji, mashavu yaliyobonyea, ndevu,
akaurudisha mkono.
"Mmenidanganya. Huyu ni mzee.
Ndugu yangu ana miaka ishirini."

Mfalme mpya ameagiza kengele,
na ubavuni anataka: MDHALIMU AMEKUFA.
Nimeyachonga. Nalipwa kwa herufi.
Ila shaba ilipopungua, usiku,
nilifukua chini ya zizi la Havel
nikaitia ile ndogo,
na juu yake konzi ya shayiri,
iliyowaka mara moja ikaacha tundu.

Mafundi wenzangu wanasema sauti yake ina kasoro.
Watawa wanasema inashangilia.
Ludka, ikigongwa, huinua kichwa kidogo,
kisha hurudi kukanda unga.