Mchukuzi wa Maji ya Chumvi

Saa sita na nusu usiku Chile ilipasuka.
Mimi nilikuwa kisima namba saba, nje ya Chandler, Oklahoma,
nimeunga mpira, nasubiri lori limalize kutapika
maji ya chumvi ambayo hata mbuzi hayanusi:
yametoka chini pamoja na mafuta,
mafuta yakaenda sokoni,
yenyewe yakarudishwa kwa pampu, chini kuliko yalikotoka.
Mapipa mia na thelathini kwa safari. Safari nne kwa zamu.
Nilikuwa nakula karanga.

Dakika arobaini baadaye wimbi lilipita chini ya buti zangu.
Sikulijua.
Hata mbwa wa Bi Vlasta Sladek, anayebwekea mwezi,
hakuinua sikio.
Nchi nzima ilinyanyuliwa unene wa ukucha,
ikateremshwa,
pole pole, kama wanaombeba mgonjwa na hawataki aamke,
ikanyanyuliwa tena.
Likaenda zake Kansas, halikuaga.

Kesho yake jioni vikombe vilianza kusemezana kabatini.
Kwanza ngurumo, kama lori lililojaa linapanda barazani;
nikadhani ni langu, nimesahau breki.
Kisha sakafu ikapigwa kumbo. Mara moja tu.
Bi Vlasta alitoka na taulo kichwani.
Dohani yake imelala juu ya maua,
matofali yaliyopangwa na babu yake, mtu wa Bohemia,
kila moja na alama ya kidole gumba.
"Umesikia?"
Nimesikia.
"Limetoka wapi?"
Nikajifanya natafuta mbwa.

Akaja binti wa chuo kikuu na kisanduku,
akakifukia uani, akajipangusa magoti.
Tetemeko la mbali, alisema, halina mkono wa kuvunja kitu huku.
Linapita likigonga milango.
Unaofunguka ni ule ambao komeo lake lilishalegea.
"Na komeo kalegeza nani?" aliuliza Bi Vlasta.
Binti akatazama buti zangu,
au mimi ndiye niliyeona hivyo.

Kwetu Same walitwambia tungali na kamasi:
usipoziba ufa, utajenga ukuta.
Hawakusema kitu juu ya ufa wa maili nane,
uliofumba mdomo kilomita tano chini
tangu bahari ilipokuwa hapa na ikaondoka,
wala juu ya mtu anayelipwa kwa saa
kuutilia maji mpaka uteleze.
Nusu ya mshahara naituma. Nakijwa yuko kidato cha tano
kwa utelezi huo.

Nimepiga hesabu nyuma ya risiti ya dizeli:
miaka mitatu, mapipa laki nne na ushei.
Haba na haba.
Kibaba kimejaa, na kibaba chenyewe ni mwamba.

Ningependa kuisingizia Chile.
Iko mbali, hainijui, haitakuja kunidai.
Lakini usiku ule kule walikuwa wanafukua watu kwa sufuria na vidole,
wakiitana majina kwenye vumbi.
Nitawatwishaje na dohani ya Chandler?

Jumapili nilikwenda na saruji, mwiko, ndoo.
Bi Vlasta alinipa andazi lenye plamu katikati,
akashika ngazi, akanisimulia mumewe alivyokuwa mvivu.
Maji ya kuchanganyia nilichota bombani kwake,
matamu. Niliyaonja kwanza, sijui kwa nini.
Nilipanga hadi kiza, gumba juu ya gumba.

Tofali la mwisho nililiwekea pimamaji.
Kiputo kikakataa kutulia:
kinakaribia katikati, kinarudi,
kama kuna anayekigonga kutoka upande wa pili wa dunia,
au ni mkono wangu,
au ni njaa.
Zamu yangu ilikuwa inaanza saa nne.

"Imenyooka?" aliuliza kutoka chini.
Nikamwambia kwa leo imenyooka.